Nakisia Tu, Mjukuu Wangu

Kamba ya mita 6 ilikuwa imefungwa kwenye mguu wa kiti cha bibi, ncha ya pili nimeishika mimi, chini ya mwembe wa shule moja ya msingi upande wa Korogwe. Mkononi nilikuwa na kadi yenye E moja tu, kimo chake milimita 26. Naigeuza juu, chini, kulia, kushoto. Anayepimwa anaonesha kwa mkono miguu ya E imeelekea wapi. Kusoma si lazima. Akiitambua, uono wake ni 6/18: anaona kwa mita 6 kile ambacho jicho zima hukiona kwa mita 18. Hesabu hiyo ya mafungu tumeirithi kwa Herman Snellen, daktari wa Utrecht, tangu 1862. Akishindwa, tunamwandikia rufaa aende kwa daktari wa macho.

Kanuni yetu ilikuwa majaribio matano. Ukipata matatu, umepita. Niliipanga mimi mwenyewe, nikitaka foleni isiwachoshe wazee.

Bibi alifunika jicho la kushoto kwa kiganja. Kulia, sahihi. Chini, kakosa. Juu, sahihi. Kushoto, kakosa. Kulia tena, sahihi. Nikaandika kwamba amepita.

"Hongera, bibi. Jicho hili linaona."

Akashusha kiganja. "Lipi? Hili halioni. Nakisia tu, mjukuu wangu. Si wewe umesema nioneshe?"

Muuguzi alimulika tochi. Mboni ilikuwa nyeupe kama tui. Mtoto wa jicho, tena amekomaa.

Nilikaa kwenye shina la mwembe nikageuza fomu upande wa nyuma. Pande ni nne, kwa hiyo kila kisio lina nafasi moja kati ya nne. Kupata matatu au zaidi kati ya matano bila kuona chochote: kama mara 10 katika kila 100. Hesabu ya darasani kabisa, nimeifanya mara nyingi, na siku ile mkono ulinitetemeka kuiandika. Katika kila watu kumi wasioiona kadi ile, mmoja angepewa hongera na kurudishwa nyumbani. Kwa manne au zaidi inashuka hadi chini ya mara 2 katika 100.

Muuguzi alishauri tuwaambie watu wasikisie: asiyeona aseme haoni. Lilikuwa wazo la huruma, lakini nililikataa, kwa sababu ya fundi cherehani wa asubuhi. Yeye alionesha mara moja, akasita, akasema "sioni" na kukunja mikono. Tungefuata njia ile, mwoga wa kukosea angeandikwa kipofu na jasiri angeandikwa mzima, nasi tungekuwa tunapima ujasiri. Tena kukisia kwa mtu anayeona nusunusu si sawa na kukisia gizani. Jicho linajua kidogo zaidi ya kile mwenyewe anachothubutu kukisema. Basi kila mtu ajibu kila mara, hata kwa kukisia, na kizingiti kipandishwe kiwe manne.

Tukapekua fomu zote za siku ile. Kila aliyepita kwa matatu kamili tukamtumia mtoto wa shule akamwite, na fundi pia. Wengine walinuna, na walikuwa na haki. Jua lilishakuwa kali.

Fundi nilimwambia, "Kaka, hata kama huna uhakika, onesha." Alionesha mara tano akiwa amekunja uso. Yote sahihi.

Bibi hakuwa ameondoka. Nilimpima upya, akapata moja. Nikafuta neno nililoandika, nikajaza fomu ya rufaa, nikamsomea kwa sauti jina lake na siku ya kwenda hospitali.

"Sasa umeandika kweli," akasema, akaikunja karatasi na kuifunga kwenye pindo la khanga.