Nilivyopima jua na upepo wa kisiwa kwa mwaka mzima

Kazi yenyewe nilipewa kwa sentensi moja: kisiwa kinaendeshwa na jenereta tatu za dizeli, tuambie jua na upepo vinaweza kubeba kiasi gani. Nikajipigia hesabu ya wiki mbili. Ilinila mwaka na miezi minne, na sehemu kubwa ya muda huo niliutumia kusahihisha makosa yangu mwenyewe.

Nilianza na jua kwa kuwa ndilo jepesi. Ramani zinazotengenezwa kwa picha za setilaiti zinakupa mnururisho, yaani nguvu ya mwanga wa jua unaofika chini, wa mahali popote, nami nilichofanya ni kuzidisha tu kwa ukubwa wa eneo la mapaa. Namba ikatoka kubwa, nikafurahi. Baadaye nilipanda darini saa saba mchana na kipimajoto, nikakibandika nyuma ya paneli moja ya majaribio: nyuzi 60. Namba iliyoandikwa kwenye paneli kiwandani hupimwa seli ikiwa na nyuzi 25, chini ya mwanga wa wati 1,000 kwa mita ya mraba. Paneli za kawaida za silikoni hupoteza karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi inayozidi hapo. Piga hesabu: asilimia 14 imeshakwenda, na vumbi na chumvi ya bahari havijachukua chao.

Nikapunguza, nikachora mchoro wangu mzuri, nikaupeleka nyumba ya mitambo. Aliyekuwa zamu ni mzee aliyeishi na jenereta zile kuliko mtu yeyote. Nilimwamkia, akautazama mchoro kimya, kisha akauliza:

“Mwanangu, hili jua lako linafika kilele saa ngapi?”

“Kwenye saa sita na nusu, mzee.”

Akafungua daftari la zamu, akaweka kidole kwenye safu ya saa moja jioni. Mzigo wa saa ile ulikaribia kuwa mara mbili ya ule wa mchana. “Sisi tunalemewa hapa,” akasema.

Halafu akanipeleka nyuma ya jenereta kubwa, kwenye kiungo cha bomba la moshi. Palikuwa panachuruzika mafuta meusi, mazito kama lami. Injini ya dizeli ikifanya kazi kwa muda mrefu chini ya asilimia 30 hivi ya uwezo wake haipati joto la kutosha, mafuta hayaungui yote, mabaki yanatokea kwenye moshi. Alichokuwa akiniambia bila kunitukana ni hiki: ukinimwagia jua la mchana utaisukuma mashine yangu huko chini, na wingu likipita ghafla utaitaka irudi juu kwa sekunde chache, la sivyo masafa ya umeme, yaani mitetemo yake kwa sekunde, yanaporomoka kutoka hezi 50 na kisiwa kizima kinakuwa giza. Siku ile ndiyo niliyoacha kuuliza “kiasi gani” nikaanza kuuliza “saa ngapi”.

Upepo ulinifedhehesha zaidi. Mlingoti wangu wa mita 10 niliusimamisha karibu na nyumba ya mitambo, eti iwe rahisi kuchukua data. Ukuta na miti vilikuwa vinauvunja upepo vipande vipande, vikombe vya anemomita, kile kipima kasi ya upepo, vinazunguka kwa kusitasita kama mtu asiyejua aendako. Miezi miwili ikapotea. Nikauhamishia mlingoti kwenye ncha ya ras, mahali ambapo hakuna kitu kati yake na bahari.

Kosa la pili lilikuwa la hesabu, na nalisema wazi kwa sababu nimewaona wengine wakilirudia. Nguvu ya upepo huenda kwa kasi iliyopigwa mchemraba, yaani kasi mara kasi mara kasi: kasi ikiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nane. Mimi nilichukua wastani wa kasi wa mwaka, nikaupiga mchemraba, nikaona upepo hauna maana. Lakini upepo haupigi kwa wastani. Chukua saa moja ya mita 3 kwa sekunde na saa nyingine ya mita 9. Wastani ni 6, na mchemraba wake ni 216. Ukipiga mchemraba wa kila saa kwanza, 27 na 729, wastani wake ni 378. Karibu nusu ya upepo wangu nilikuwa nimeutupa kwa kalamu! Tena mtambo haukai mita 10. Kwa kanuni ya kawaida ya kukadiria, kwenye mita 50 kasi inaongezeka kama robo, na hiyo robo peke yake karibu inazidisha nguvu maradufu.

La tatu halikuwa langu, lilikuwa la chumvi. Data ikaonyesha siku tisa za sifuri mfululizo, na wiki hiyohiyo vyombo vilishindwa kutia nanga kwa mawimbi. Nilipopanda nikakuta beringi imeshika kutu, vikombe vimekwama. Tangu hapo kila mwezi nilipanda na grisi mfukoni.

Mwaka ulipotimia nilikuwa na jedwali la safu 8,760, saa kwa saa: mzigo, jua, upepo. Hapo ndipo kisiwa kilipoanza kusema. Katika msimu wa upepo mkali, upepo uliendelea usiku kucha, jua likiwa limeshalala, kwa hiyo viwili hivi vilipokezana vizuri kuliko nilivyotarajia. Betri za saa nne zilitosha kuvusha ile saa moja ya jioni karibu siku zote. Sikupendekeza paneli peke yake, ingawa ndizo rahisi kufunga.

Halafu yakaja maleleji. Upepo unageuka, bahari imetulia kama mafuta, mawingu yametanda. Nilikuta siku sita mfululizo ambazo jua na upepo kwa pamoja havikufikisha robo ya mzigo. Betri ya kuvusha siku sita ni kitu kingine kabisa. Ingekaa bure karibu mwaka mzima ikisubiri wiki hiyo moja. El Hierro, kisiwa cha Hispania, kina mitambo mitano ya upepo yenye megawati 11.5 na bwawa la juu la kuhifadhi maji, yanayoshushwa kuzalisha umeme saa za utulivu. Mwaka 2019 kilikaa siku 24 mfululizo bila dizeli, lakini kwa mwaka mzima upepo na maji vilibeba kama nusu tu ya umeme wake. Samsø ya Denmark inazalisha kwa upepo umeme mwingi kuliko inaoutumia, ila ina waya wa chini ya bahari wa kukopa na kulipa. Sisi waya hatuna.

Kwenye kikao mwenyekiti alitaka namba moja. Nikasema theluthi mbili kwa mwaka, kisha nikamsogezea ukurasa wa zile siku sita. Aliusoma muda mrefu. Mzee wa zamu, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, akauliza kama kuna mtu amepanga kuuza jenereta yake kubwa. Mwenyekiti akasema hapana, ila moja kati ya zile ndogo inaweza kwenda.

“Hiyo hata leo ichukueni,” mzee akajibu, “haijawaka tangu mwezi uliopita.”