Lipu ya marudio

Mimi ni fundi ujenzi, niko Ruangwa, mwaka wa 12 huu nashika mwiko. Nyumba ya dada yangu niliipiga lipu mwenyewe, kiangazi, mikorosho ikiwa ndiyo kwanza inatoa maua. Pesa ya mchanga wa mtoni hakuwa nayo. Nyuma ya kijiji chao kuna kialo cha zamani, mahali palipokuwa pakichenjuliwa dhahabu. Wachenjuaji walihama wakaacha kilima cha marudio, ule mchanga unaobaki jiwe likishasagwa kwenye karasha na dhahabu ikishatolewa.

Kwa macho ya fundi huo ni mchanga mzuri mno. Laini, hauna kokoto, hauna mizizi, unapita kwenye chekeche mara moja. Tena wa bure. Tulisomba toroli 14, mimi na shemeji.

Nilipokuwa nauchekecha niliona vitone vyeupe vinang'aa kwenye karai, vidogo kama mbegu za mchicha. Nikalitikisa karai, vikakimbiliana, viwili vikawa kimoja. Nikamwita shemeji, aliyewahi kufanya kazi pale pale. Akasema, "Hiyo zebaki. Haina neno, sisi tulikuwa tunaikamua kwa mikono." Nikachanganya saruji, nikaendelea na kazi. Naandika haya kwa sababu niliviona vile vitone na bado nikaendelea.

Miezi ikapita. Siku moja nimekwenda kumsalimia dada, namkuta mpwa wangu, miaka 2 na nusu, amechuchumaa kando ya mlango anakwangua ukuta kwa kucha, kisha kidole mdomoni. Pale ukutani palishakuwa na shimo la kutosha yai la kuku.

"Kila siku yuko hapo, kaka," dada akasema. "Anapenda udongo kama nilivyoupenda mimi nilipokuwa na mimba yake."

Usiku ule nilisoma kwenye simu mpaka bando likaisha.

Zebaki, metali ya majimaji yenye sumu, inaishika dhahabu. Mchenjuaji anaichanganya na ule mchanga, anakamua kwenye kitambaa, kidonge kinachobaki anakichoma: zebaki inaruka kuwa mvuke, dhahabu inabaki. Ila si yote inayokamatwa. Nyingine inakatikakatika, inaondoka na maji, inalala kwenye marudio. Ndiyo niliyoiona kwenye karai. Na jiwe la dhahabu mara nyingi halikai peke yake ardhini. Laweza kuwa na risasi ndani yake, si ya bunduki, ile metali yenye sumu, au aseniki, sumu nyingine. Likiwa zima limefukiwa halina shida na mtu. Likishasagwa likawa vumbi, linaingia puani, kwenye chakula, kwenye vidole vya mtoto.

Nilikaa sana kwenye habari za Kabwe, Zambia. Pale walichimba risasi na zinki tangu mwanzoni mwa miaka ya 1900, mgodi ukafungwa mwaka 1994. Watoto waliozaliwa baada ya mgodi kufungwa nao wamekutwa na risasi kwenye damu, kwa sababu mabaki yako wazi na kiangazi upepo unayamwaga kwenye nyua za watu. Na Zamfara, Nigeria, mwaka 2010: watu walikuwa wakisaga mawe ya dhahabu majumbani, mawe yenye risasi nyingi, na watoto wasiopungua 400 wakafa. Mtoto mdogo akimeza risasi, mwili wake unafyonza mara 4 hadi 5 ya ule wa mtu mzima. Risasi inaharibu ubongo unaokua. Na metali haiozi. Samadi ukiiacha miaka miwili imekuwa udongo. Risasi utaikuta risasi.

Kwetu mvua ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Ikinyesha, kilima kile kinashuka mtoni. Mto ukikauka, mama zetu wanachimba visima kwenye mchanga ule ule, na watoto wanachimba ming'oko, mizizi ya porini inayoliwa, kwa mikono, wanafuta vumbi kwenye nguo, wanakula. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020, ni jambo jema, lakini vilima vilivyokwisha achwa bado viko pale, na watu kama mimi tunavipeleka wenyewe vyumbani.

Mtoto tulimpeleka kituo cha afya, tukaeleza habari ya ukuta bila kuficha. Mganga akasema dawa ya kwanza ni kumwondoa kwenye chanzo. Alilala kwa bibi yake wiki nzima nilipokuwa nafanya kazi. Sikuubandua ukuta mkavu, vumbi lingejaa nyumba nzima. Niliulowesha, nikaziba lile shimo, nikapiga lipu mpya juu yake kwa mchanga wa mtoni, sakafu nayo nikaimwagia saruji. Nilimwomba dada asifagie kukiwa kukavu, apige deki, na amnawishe mtoto mikono kabla ya kila mlo. Shemeji hakusema kitu, ila ndiye aliyenichotea maji siku zote saba.

Kuna nyumba nyingine tatu nilizozipiga lipu ya marudio. Mbili nimeshakwenda, nimeongea na wenyewe. Ya tatu mwenye nyumba yuko Dar, ndani kuna wapangaji wenye watoto wawili wadogo. Nakwenda Jumamosi, na mchanga nimeshaulipia.