Tairi ya HiAce: tazama namba ya mzigo kabla ya bei

Umekosa saizi ya HiAce yako, 195R15C, dukani, muuzaji anakwambia 205/70 ringi 15 inaingia. Kuingia itaingia. Lakini geuza tairi, usome ubavuni hadi mwisho, kwa sababu saizi hiyo ina tairi za aina mbili zinazofanana sana kwa macho. Moja imeandikwa 205/70R15 96T, nyingine 205/70R15C 106/104R. Hiyo 96 au 106 ndiyo namba ya mzigo. Ile 96 hubeba kilo 710. Ile 106 hubeba kilo 950, au 900 zikifungwa mbilimbili upande mmoja, ndiyo maana ya 104. Herufi ya mwisho ni mwendo wa juu tu: R ni kilomita 170 kwa saa.

Sasa piga hesabu ya gari lako. Abiria 14 wa kilo 70 ni kilo 980, bado mizigo yao, na sehemu kubwa inaangukia nyuma. Pitisha gari mizani likiwa limejaa, upime ekseli ya nyuma peke yake. Ikisoma kilo 1,600, kila tairi imebeba 800. Tairi ya 96 hapo imezidiwa kwa kilo 90 gari likiwa bado limesimama, kabla ya shimo wala tuta. Ubavu unakunjika kila mzunguko, unapata joto, nyuzi zinaachana na mpira, na tairi inapasuka mchana wa jua kali gari likiwa kwenye mwendo. Meno yanaweza kuwa bado mapya kabisa.

Maandishi ya 8PR yasikuchanganye. Hayamaanishi nyuzi nane; ni kipimo cha nguvu kilichobaki tangu zamani. Namba ya mzigo ndiyo ya kuamini.

Kupanda namba ya mzigo hakuna ubaya, ila hapa wengi wanakosea upepo. Kilo 950 za tairi ya 106 ni kwa psi 65. Ukiijaza psi 36 kama ya gari dogo, uwezo unashuka hadi karibu kilo 600, yaani umelipia tairi ngumu halafu ukaifanya dhaifu. Upepo upimwe asubuhi tairi zikiwa baridi, na ukikaribia psi 65 mwambie fundi aweke valvu za upepo mkubwa, maana ile ya mpira ya kawaida mwisho wake ni hapo hapo.

Wenye Noah wanaotumia 195/65R15 nao wafikirie hivyo. Ya kawaida ni 91, kilo 615. Yenye XL, yaani iliyoongezewa nguvu, ni 95, kilo 690, lakini kilo hizo zinapatikana kwenye psi 42. Kwa psi 32 zote mbili zinabeba karibu sawa.

Na usichanganye namba kwenye ekseli moja. Kama pesa inatosha tairi mbili tu, nunua pea, ufunge nyuma.