Kuipaka Rangi Upya Boti ya Zamani ya Alumini

Nimemaliza kuipaka rangi upya boti yangu ya zamani ya alumini, na sehemu kubwa ya kazi ilifanyika kabla kopo la rangi halijafunguliwa. Alumini haishiki rangi kwa urahisi, kwa sababu mara tu inapokwanguliwa ikang'aa, hewa huanza kuifunika kwa utando mwembamba wa oksidi, nao unaendelea kukua kadiri inavyokaa wazi.

Nilianza na uvujaji. Nikiwa nimeiegemeza boti vizuri juu ya magogo, nilitia maji kidogo ndani (kidogo tu, maana kila lita moja ni kilo moja, na boti tupu haikuundwa kubeba uzito huo ikiwa nchi kavu), kisha nikatia alama ya chaki kila ribiti (pini inayounganisha mabamba ya boti) iliyotoa tone. Ribiti zilizolegea hukazwa na watu wawili: mmoja anashikilia chuma kizito upande wa kichwa na mwingine anagonga upande wa pili.

Mafuta huoshwa kabla ya kupiga msasa, kwani msasa huyasukuma ndani ya mikwaruzo. Ili kuondoa rangi kuukuu, nilitumia msasa namba 80 pamoja na maji, nikiwa nimevaa maski, kwa kuwa rangi za zamani huenda zikawa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Brashi ya waya wa chuma cha kawaida haifai kabisa, maana huacha chembe za chuma ambazo baadaye hushika kutu na kuitoboa rangi mpya kutoka chini. Kostiki soda nayo huila alumini yenyewe.

Hatua ninayoitilia mkazo kuliko zote ni praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia rangi ya juu. Ya kwanza ni ile yenye asidi, inayouma uso wa alumini. Hupakwa nyembamba sana, siku ileile ya kupiga msasa, na juu yake hufuata praima ya epoksi ya kuchanganya sehemu mbili, mradi maelekezo ya watengenezaji yanaruhusu kuzipandanisha. Katika hali ya unyevunyevu ni heri kungoja. Rangi ya juu yenyewe haina mengi: matabaka mawili au matatu membamba ni bora kuliko moja zito.

Kwa boti inayolala majini muda wote, rangi ya kuzuia viumbe wa majini isiwe ile ya oksidi ya shaba. Shaba na alumini zikikutana ndani ya maji, hasa ya chumvi, huzalisha mkondo wa umeme, na inayoliwa ni alumini.

Kuta za ndani niliziacha bila rangi, kwa kuwa utando uleule wa oksidi unaotusumbua wakati wa kupaka ndio unaoilinda alumini iliyo wazi. Sakafu peke yake niliipaka rangi iliyochanganywa na mchanga laini, ili miguu yenye maji isiteleze.