Tulivyosoma Mwanzo barazani kwa Bibi

Tulianza watu 14. Ilipofika Alhamisi ya sita tulibaki watano, na kosa lilikuwa langu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dodoma. Kanisani kwetu kila mtaa una kikundi cha nyumbani kinachokutana mara moja kwa wiki. Chetu hukutana kwa Bibi mmoja mjane, mwenye miaka themanini na kitu, barazani kwake, saa kumi na moja jioni jua likishapunguza ukali. Kwa miaka mingi tulikuwa tunasoma leo mstari huu, wiki ijayo ule, kutegemea zamu ya kuongoza ni ya nani. Nikatoa wazo tusome kitabu kizima, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, na kitabu chenyewe kiwe Mwanzo, cha kwanza katika Biblia. Wakakubali. Nikapiga hesabu: sura 50, kila wiki sura moja, mwaka mmoja tumemaliza.

Nilijiandaa kama ninavyojiandaa kuingia darasani. Wiki ya kwanza nilieleza kwamba sura ya 1 na ya 2 hazisimulii uumbaji kwa mpangilio mmoja: katika ya kwanza mwanadamu anakuja mwisho, baada ya miti na wanyama, katika ya pili anafanyika kwa mavumbi kabla bustani haijapandwa. Nilieleza kwamba jina Adamu kwa Kiebrania linakaribiana na neno la udongo. Vijana wawili wakaanza kubishana kama siku sita zile zilikuwa za saa 24, nao ubishi huo ukatula wiki tatu. Akina mama walikaa kimya. Tulipofika sura ya 5, ile orodha ya akina Sethi na Enoshi na Methusela wa miaka 969, niliisoma mwenyewe mbiombio ili tuwahi gharika. Wiki iliyofuata ndiyo ile ya watu watano.

Siku hiyo wenzangu walipoondoka, Bibi alinishika mkono. "Mwanangu," akasema, "unatufundisha vizuri. Lakini tangu tumeanza hujatuuliza kitu ambacho wewe hukijui."

Sikulala vizuri. Alhamisi iliyofuata nilimwomba radhi, nikamuuliza tufanyeje. Akasema turudie ile sura ya majina, aisome mjukuu wake, polepole, na mtu yeyote asiseme kitu mpaka amalize. Kijana akasoma. Kila alipofika kwenye neno "akafa", Bibi aliitikia kwa sauti ndogo, "mm", kama anayepokea taarifa za msiba. Adamu, akafa. Sethi, akafa. Enoshi, akafa. Kenani, Mahalaleli, Yaredi. Kisha akaja Henoko, na lile neno halikuja. Bibi aliinua kichwa. "Huyu hakufa?"

Habari za Henoko nilikuwa nimezifundisha zaidi ya mara moja. Lakini pengo lile sikuwahi kulisikia kwa masikio, kwa sababu nilizoea kulisoma kwa macho, na macho huruka orodha. Kumbe aliyeiandika sura ile aliiandika isikike.

Tangu siku hiyo tulibadili namna. Tuliacha kuhesabu sura, tukawa tunasoma kisa kizima, hata kikiwa sura tatu au nusu ya sura. Kilisomwa kwa sauti, tukigawana wahusika: mmoja msimuliaji, mmoja Ibrahimu, mmoja Sara. Hakuna maelezo kabla ya kusoma. Baada ya kusoma tunakaa kimya kwa muda wa kama dakika tano, jambo ambalo mwanzoni liliwapa watu shida kubwa, mpaka wakalizoea na kulidai wenyewe. Kisha kila mtu anasema alichokiona. Mimi niliruhusiwa kuuliza maswali ambayo kweli sikuwa na jibu lake, na yale yaliyotushinda wote tuliyaandika kwenye daftari moja la kaunta. Lilijaa kurasa nyingi. Kwangu mimi lile daftari ndilo lililotuweka pamoja, maana mtu aliyeuliza swali alirudi wiki iliyofuata kuona kama kuna mwenye la kusema.

Watu wakarudi. Wengine walikuja ambao hata hatukuwatarajia. Jirani wa Bibi ni mama Mwislamu, rafiki yake wa miaka mingi, na jioni huja na ungo wake wa mchele kukaa naye. Tulikuwa sura ya 21, Ibrahimu amempa Hajiri mkate na kiriba cha maji na kumwacha aende zake nyikani na mtoto. Maji yakaisha. Akamlaza mtoto chini ya kijiti, akaenda kukaa mbali ili asimwone akifa. Pale Bibi aliinuka, akaingia ndani bila kusema kitu. Tulidhani anakwenda kutazama jiko.

Kwenye ule ukimya, yule mama aliacha kupeta mchele. Akasema kwao Bi Hajara hakukaa. Alikimbia baina ya vilima viwili, Safa na Marwa, akitafuta maji, akaenda na kurudi mara saba, hadi chemchemi ya Zamzam ikatoka, na wanaokwenda Hija wanazifuata nyayo zake mpaka leo. Alisimulia kwa uchungu, kama mtu anayemtetea ndugu yake. Hatukubishana ipi iwe ipi. Mmoja wetu alisema tu kwamba kwetu pia huyu ndiye aliyempa Mungu jina, kule nyuma kwenye sura ya 16, alipotoroka akiwa mjamzito: akamwita Mungu anayeona. Kijakazi, tena mgeni wa kutoka Misri. Yule mama alitikisa kichwa, akasema, "Basi mnamheshimu." Kuanzia hapo alikuwa akiuliza mapema Alhamisi tutasoma habari za nani.

Sura ya 23 niliidharau. Sara amekufa akiwa na miaka 127, Ibrahimu ananunua kaburi kwa Efroni, nilidhani dakika kumi zitatosha. Lakini kwenye kikundi tunaye baba mmoja dalali wa viwanja, na tangu Serikali itangaze kuhamia Dodoma mwaka 2016 hiyo ni kazi anayoifanya asubuhi hadi usiku. Hakuwa mtu wa kuongea sana. Siku hiyo aliomba tusome mara ya pili, na safari hii akawa anasimamisha msomaji.

"Hapo. Efroni anasema chukua bure. Mwalimu, hakuna bure hapo. Hiyo ni heshima ya kufungulia mazungumzo, na mnunuzi akijifanya kuamini, atadaiwa maisha." Tukaendelea. Efroni anataja shekeli 400 za fedha, anasema hizo ni kitu gani kati ya mimi na wewe. "Ameshataja bei sasa, tena kubwa, na ameitaja mbele za watu. Na mzee ana maiti ndani. Hawezi kuvuta siku." Ibrahimu anapima fedha yote bila kuomba kupunguziwa. Kisha ule mstari ambao sikuwahi kuutazama, unaotaja shamba, na pango lililomo, na miti yote iliyo ndani ya mipaka yake, mbele ya wote waingiao langoni mwa mji. Dalali akapiga paja. "Miti imeandikwa! Hiyo ni hati ya mauziano. Hivi hivi mpaka leo, usipoandika miti, kesho mtu anakuja kukata mwembe wake. Na mashahidi ni wale wa langoni, kama sisi tunavyokwenda kwa mwenyekiti wa mtaa."

Halafu akanyamaza, na aliposema tena sauti ilikuwa imeshuka. Mungu alimwahidi mzee huyu nchi nzima, akasema, na kipande cha kwanza kabisa kuwa chake amekinunua kwa bei ya kulanguliwa, ili amzike mke wake. Mama aliyekaa karibu naye akaongeza jambo lingine. Katika sura ya 22 Ibrahimu anaamka alfajiri kumpeleka mwanawe Isaka mlimani kutolewa sadaka, na hakuna mahali anapomwambia Sara. Kisha anarudi na kukaa Beer-sheba, na Sara anafia Hebroni, Ibrahimu anakuja kumlilia. "Kwa nini hawakai pamoja?" akauliza. Swali hilo limo daftarini, halina jibu, na mimi ninalibeba kila ninapoisoma sura ile ya mlimani.

Habari za Yakobo zilikwenda haraka kwa sababu kila mtu alikuwa na la kusema kuhusu mahari na wajomba. Visima vya Isaka katika sura ya 26 havikuhitaji maelezo kwa watu wa Dodoma: unachimba, wanakuja kudai maji ni yao, unahama, unachimba tena.

Sura ya 34 niliomba tuiruke. Ni ile ya Dina binti Yakobo, aliyetendewa jeuri na Shekemu, na kaka zake wakalipiza kwa kuua wanaume wote wa mji. Akina mama wakakataa. Mmoja alisema mabinti zetu wanayajua haya tayari, tutakuwa tunamficha nani? Tukakubaliana watoto wasiwepo siku hiyo. Nikagawa sehemu kama kawaida: huyu Hamori, huyu Shekemu, hawa Simeoni na Lawi, na dada mmoja kijana nikampa Dina. Tukasoma. Yule dada alifuata kwa kidole, mstari kwa mstari, akingoja zamu yake. Sura ikaisha kidole kikiwa kwenye mstari wa 31. Hakuwa na neno hata moja. Wanaume wameongea, wamepatana, wamedanganyana, wamegombana, Dina hajasema kitu. Mimi niliyegawa sehemu sikuwa nimeliona hilo. Dada akasema angependa kujua Dina alitaka nini. Tuliliandika kama alivyolisema, na siku hiyo tulimaliza kwa sala bila majadiliano.

Tukaingia kwa Yusufu tukiwa tumechangamka. Huyu ni mpendwa wa kila mtu: kauzwa na ndugu zake akiwa na miaka 17 kwa vipande 20 vya fedha, katoka gerezani akasimama mbele ya Farao akiwa na miaka 30, kaokoa watu na njaa. Kijana wetu mmoja mtumishi wa umma alimsifu kwa mipango yake mizuri. Tulipofika sura ya 47, watu wa Misri wanarudi kwa Yusufu mwaka baada ya mwaka. Kwanza wanatoa fedha. Zikiisha, wanatoa mifugo. Ikiisha, wanatoa mashamba na miili yao.

Bibi ndiye aliyevunja ukimya. "Hicho chakula kilikuwa cha nani kabla hakijaingia ghalani?"

Tulirudi sura ya 41 kutazama. Kilikuwa cha kwao. Kilikusanywa kutoka kwao miaka saba ya shibe, kisha wakauziwa.

Ndipo akatusimulia Mtunya. Wazee wa Kigogo wanaijua kwa jina hilo, njaa ya 1917 hadi 1920. Vita vya Wajerumani na Waingereza vilikuwa vimepita Ugogo, majeshi ya pande zote yakachukua ng'ombe na nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua zikagoma. Mama yake Bibi alikuwa msichana mdogo. Walitoka kwa miguu kuelekea Kilosa, wakisikia kule kuna chakula. Kabla ya Mpwapwa mdogo wake wa kiume alishindwa kutembea, na nyanya yake Bibi, aliyekuwa na mtoto mwingine mgongoni, akamlaza chini ya mbuyu. Hawakurudi nyuma. "Mama yangu alinisimulia mara moja tu," akasema. "Ndiyo maana siku ile ya Hajiri niliingia ndani."

Miaka yote nimefundisha kwamba Yusufu ni mfano wa uongozi bora. Sasa siwezi kulisema hilo bila kuisoma sura ya 47 mpaka mwisho, na nikiwa barazani kwa Bibi naisoma polepole.

Ilituchukua miezi 15. Alhamisi ya mwisho tulikuwa 19, pamoja na yule mama wa ungo. Sura ya 50 inaisha Yusufu akiwa na miaka 110, amewaapisha ndugu zake kwamba siku Mungu atakapowatoa Misri waichukue mifupa yake. Kisha anakufa, anatiwa dawa asioze, anawekwa katika sanduku, Misri. Hayo ndiyo maneno ya mwisho ya kitabu.

"Waliichukua kweli?" Bibi akauliza.

Yule dada niliyempa Dina akafungua Kutoka 13, Musa anatoka Misri na mifupa ya Yusufu. Dalali akatafuta mwisho wa Yoshua, wanaizika mji wa Shekemu, katika kiwanja alichonunua Yakobo. Bibi aliomba mahali pote pawili pasomwe tena. Akasikiliza kichwa kikiwa kimeinama. Kisha akaniuliza kama daftari limebaki nafasi.

Nafasi ilikuwepo, nusu ukurasa. Akataja jina la yule mtoto wa chini ya mbuyu, jina la Kigogo ambalo hakuna aliyewahi kulisikia mle barazani, hata wajukuu zake. Nikaliandika chini ya swali la mwisho. Akaniambia nimsomee nilichoandika. Nikamsomea. Akasema nimekosea herufi moja, nikaifuta, nikaiandika tena.