Kamba ya plastiki mbele ya shamba la mkonge

Ya Dar hadi Segera hayana simulizi: nauli kubwa, kiti hakilali, magoti mdomoni. Tulipokata kulia kuelekea Tanga, karibu na Hale, kitasa cha buti kikakatika, begi la mama mmoja likabaki lamini. Konda akakimbilia dukani, akarudi na kamba ya plastiki ya bluu, kisha akatuchangisha wenye mizigo, mia tano kila mmoja. Tena kwa ukali, kama sisi ndio tuliovunja.

Ng'ambo ya barabara mkonge umejipanga mistari mpaka vilimani.

Barazani pa duka alikaa mzee. Nikamwamkia, nikamuuliza kwa nini hakuna kamba ya katani.

"Katani ipo kiwandani, mwanangu. Huku dukani inakuja hiyo ya bluu."

Alifanya kazi korona, mtambo wa kukwangua majani ya mkonge, miaka mingi. Akaokota jani bichi lililodondoka kwenye trekta, akalipasua, akalikwangua kwa kisu mpaka nyama ya kijani ikaisha, zikabaki singa nyeupe. Akazisokotea pajani. Nikaivuta ile kamba kwa nguvu zangu zote, wapi! Maji yake yakaniwasha viganja mpaka Muheza. Akasema singa ni kama asilimia 4 tu ya jani. Makapi yanaachwa yaoze.

Mkonge wenyewe ni mgeni. Hindorf, Mjerumani, aliagiza miche 1,000 mwaka 1893. Iliyopona ni 62, ikapandwa Kikokwe, Pangani. Kufikia 1964 Tanganyika ilivuna zaidi ya tani 200,000, ikiongoza duniani. Mashamba mengi yakataifishwa 1967, baadaye yakabinafsishwa. Wenye shamba walibadilika, marobota yakaendelea kupanda meli.

Mimi ni wa Mtwara. Januari 2013 kwetu watu waliingia barabarani wakisema gesi asilia haitoki Mtwara, na bomba likaenda Dar hivyo hivyo. Lakini korosho zetu zinatoka ghafi kila msimu, zikabanguliwe India na Vietnam, na sijaona aliyelala barabarani kuzizuia. Mama yangu hubangua za kwake uani, kwa moto, vidole vikiungua.

Tanga mjini gumzo ni bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443 hadi Chongoleani, pwani ya hapa Tanga. Nikamuuliza mhudumu wa gesti, iliyonitoza elfu arobaini na feni haizunguki, kama yatasafishwa hapa hapa. "Yanapakiwa melini, kaka," akasema, akanidai na hela ya maji ya kunywa.