Swichi janja ya pampu: nilivyoitengeneza Lamu

Nyumbani kwetu Mkomani maji hupandishwa darini kwa pampu, na pampu inawashwa na swichi janja inayoendeshwa kwa simu. Msimu wa kusi ulipokwisha, swichi ikaanza kulia tik tik tik bila kushika. Simu inasema imewashwa, tangi kavu. Dukani nilikoinunua wakaniambia nitupe, ninunue nyingine. Sikukubali. Swichi ilikuwa bado inapokea amri, kwa hiyo ubovu haukuwa kwenye akili yake.

Nikaipeleka kwa fundi wa redio wa Langoni. "Ami, nitazamie, chipu haijaungua?"

"Mwanangu, chipu iache mwisho. Anza na umeme unaoilisha."

Kabla ya kuifungua ukutani nilikuwa nimezima swichi kuu, nikangoja, nikapima kwa mita. Hapa naomba mtu asiharakishe: volti zetu 240 zikigeuzwa kuwa DC (umeme wa mkondo wa upande mmoja) ndani ya kifaa hufika karibu 340, na kapasita kubwa, yaani kile kikopo kinachohifadhi umeme, huweza kuzishikilia hata umeme ukishakatwa.

Ndani tulikuta kapasita moja imevimba kichwa, na miguuni ina kutu ya kijani. Hewa yetu ya chumvi hiyo. Rilei, ile swichi ndogo ya ndani inayovutwa kwa sumaku ya umeme, ikitaka kushika huhitaji umeme wa ghafla. Kapasita iliyochoka haiwezi kuutoa, volti zinashuka, rilei inaachia, inajaribu tena. Ndiyo ile tik tik.

Ami akanipa nyingine: mikrofaradi (kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi) zilezile, volti zisizopungua za ile ya kwanza, tena iliyoandikwa nyuzi joto 105, maana zile za 85 hazidumu sana kwenye kiboksi chenye joto. Nikaangalia upande wa hasi, nikalehemu. Kutu nikaisugua kwa mswaki na spiriti ya aisopropili, nikaacha ikauke kabisa, kisha nikapaka vanishi ya saketi, nikikwepa skrubu za waya.

Swichi ikashika, ila ikapotea kwenye Wi-Fi. Inasikia masafa ya 2.4 GHz tu, na kuta zetu za mawe ya matumbawe ni nene. Nikasogeza ruta karibu na ngazi.

Ami alisisitiza jambo moja zaidi, nami nikalifuata. Mota inapoanza huvuta umeme mara kadhaa kuliko inapozunguka, na midomo ya rilei ndogo, pale vyuma vinapogusana, huungua upesi. Tukaongeza kontakta, yaani rilei kubwa ya kubebea mota: swichi inaiamrisha kontakta, na kontakta ndiyo inayoibeba pampu.